Meghalaya: Makao ya Mawingu, Nchi ya Mvua na Kiu

Katika pembe ya kaskazini-mashariki ya India, pale ambapo ramani ya nchi hiyo huwa nyembamba mfano wa shingo, kisha ikapanuka tena kati ya Bangladesh, Bhutan na Myanmar, liko jimbo la milima liitwalo Meghalaya. Jina hilo latokana na lugha ya Kisanskriti, na maana yake ni Makao ya Mawingu. Eneo lake ni kilomita za mraba 22,429, na hesabu ya watu ya mwaka 2011 ilionyesha wakazi wapatao milioni tatu. Zamani milima hiyo ilikuwa sehemu ya Assam. Ikawa jimbo kamili tarehe 21 Januari 1972.

Mambo mawili hulifanya jimbo hili lisilingane na mahali pengine. La kwanza, huko ndiko viliko vijiji vinavyohesabiwa kuwa vyenye mvua nyingi kuliko vyote duniani. La pili, katika vijiji hivyo hivyo akina mama huhangaika kutafuta maji wakati wa kiangazi. Ndugu msomaji ataona kwamba mambo hayo mawili hayapatani. Lakini atakayeandamana nasi katika safari hii ataelewa namna yanavyokaa pamoja.

KUPANDA KUTOKA BONDENI

Msafiri hufika kwanza Guwahati, mji mkubwa wa Assam ulio kando ya mto Brahmaputra. Kutoka hapo hadi Shillong, makao makuu ya Meghalaya, ni mwendo wa kilomita zipatazo 100 kwa barabara inayopanda na kuzunguka. Joto la bonde huachwa nyuma kidogo kidogo. Penye kituo cha Nongpoh wauzaji hupanga mananasi kando ya njia, na mashamba ya mipopoo husimama wima kama safu za askari. Mbele kidogo hutokea ziwa la Umiam, lililofanywa kwa kuzuia mto ili kuzalisha umeme, na baada ya hapo misonobari huanza na hewa huwa ya baridi.

Shillong umejengwa katika mwinuko wa mita 1,500 hivi. Tarehe 12 Juni 1897 tetemeko kubwa la ardhi liliangusha majengo ya mawe ya mji huo. Tangu hapo watu walijifunza kujenga nyumba nyepesi, za kiunzi cha mbao na paa la mabati, ambazo hutikisika bila kuwaua waliomo. Mji huo pia ni mji wa askari: hapo yako makao makuu ya Assam Rifles, kikosi kilichoanzishwa mwaka 1835.

Wazee wetu wa Keya hawakuwa wageni kabisa wa upande huo wa dunia. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na askari kutoka Uganda, Kenya, Tanganyika na Nyasaland, ilipita Manipur, jimbo jingine la milima lililo mashariki ya Meghalaya, ikashuka bonde la Kabaw kuingia Burma katikati ya majira ya mvua. Matope yalikwamisha magari, na vyakula na risasi vikawa havina budi kuangushwa kwa ndege. Mvua ile iliyowalowesha wazee wetu ndiyo tunayoifuata katika safari hii.

NYUMBA YA MAMA

Wenyeji wa milima ya kati ni Wakhasi. Upande wa mashariki wako Wajaintia, ndugu zao wa karibu, na upande wa magharibi wako Wagaro. Lugha ya Kikhasi haina udugu na Kihindi wala Kiassam. Jamaa zake wa mbali ni lugha za watu wa Kambodia na Vietnam. Iliandikwa kwa herufi za Kirumi baada ya mmisionari Thomas Jones, mtu wa Wales, kufika Sohra mwaka 1841.

Kwa Wakhasi mtoto huchukua jina la ukoo wa mama yake. Nyumba ya wazazi hurithiwa na binti aliye kitinda mimba, ambaye huitwa ka khadduh. Lakini urithi huo si starehe. Yeye ndiye anayepaswa kuwatunza wazazi katika uzee wao, kuwapokea ndugu waliopatwa na shida, na kuhakikisha moto wa nyumba hauzimiki. Mjomba, yaani ndugu wa mama, ndiye mwenye sauti katika mashauri ya ukoo. Katika soko kuu la Shillong, liitwalo Iewduh, wanawake ndio wanaoonekana zaidi nyuma ya mafungu ya machungwa, asali, manjano, pilipili na samaki wakavu.

Mgeni aingiapo nyumbani hukaribishwa kwa kwai, yaani kipande cha popoo pamoja na jani la tambuu lililopakwa chokaa. Tajiri na maskini hutoa kwai ile ile, na kumnyima mgeni ni aibu. Zamani hata umbali wa njia ulipimwa kwa idadi ya kwai zinazotafunwa mpaka mtu afike. Na mtu akifariki, Wakhasi husema amekwenda kula kwai nyumbani kwa Mungu.

SOHRA NA UPEPO WA KUSI

Kutoka Shillong kwenda kusini, mwendo wa kilomita zipatazo 55, ndiko uliko Sohra, mji ambao Waingereza waliuita Cherrapunji. Magharibi yake kiko kijiji cha Mawsynram. Wastani wa mvua ya Mawsynram kwa mwaka ni milimita 11,872, na ule wa Sohra hauko mbali na huo. Kwa kulinganisha, Kampala hupata kiasi cha milimita 1,200. Kati ya Agosti 1860 na Julai 1861 Sohra ilipata milimita 26,461, na hesabu hiyo ya miezi kumi na miwili haijapitwa mahali popote duniani. Tarehe 17 Juni 2022 Mawsynram ilipata zaidi ya milimita 1,000 kwa siku moja tu.

Mvua hii yatoka wapi? Wasomaji wa pwani wanaujua upepo wa kusi, ule uliokuwa ukiyapeleka majahazi kutoka pwani yetu kwenda Arabuni na India. Upepo huo huvuka ikweta kando ya Afrika Mashariki, ukapinda juu ya bahari na kunywa unyevu njia nzima. Sehemu yake huzunguka hadi Ghuba ya Bengal, kisha hupanda kaskazini juu ya tambarare za Bangladesh pasipo kizuizi. Ghafla hukutana na milima ya Khasi, iliyosimama kama ukuta wenye kimo cha mita 1,300 na zaidi. Upepo hulazimika kupanda, hupoa, na maji yote uliyoyabeba huanguka mahali pamoja.

Kuanzia Juni hadi Septemba maisha hupangwa kwa mvua. Nguo hukaushwa juu ya moto, na kuni huwekwa akiba mapema. Baadhi ya watu wa Mawsynram huziba mapaa yao kwa nyasi ili kupunguza kishindo cha matone. Mkulima aendapo shambani huvaa knup, ngao ya mianzi na majani iliyofumwa mfano wa kombe, ambayo hufunika kichwa na mgongo. Yeye huinama akapalilia, na mikono yake yote miwili hubaki huru. Mwavuli haumfai mtu mwenye kazi.

Karibu na Sohra maji huruka kutoka ukingo wa mlima hadi chini, kimo cha mita 340. Maporomoko hayo huitwa Nohkalikai, maana yake ni mruko wa Likai. Wenyeji husimulia kwamba Likai alikuwa mjane mwenye binti mdogo, akaolewa mara ya pili. Mume wake alimwonea wivu mtoto kwa sababu mama alimpenda mno. Siku moja Likai alirudi kutoka kazini akiwa na njaa, akakuta nyama imepikwa, akala. Baadaye alichukua kikapu cha popoo apate kutafuna kwai, na ndani yake akaona vidole vya mwanawe. Hapo akapoteza akili, akakimbia hadi ukingo akajitupa. Hadithi hiyo hukumbushwa kila mgeni afikapo hapo.

MADARAJA YANAYOOTA

Chini ya Sohra, katika mabonde yenye joto, kuna kijiji kiitwacho Nongriat. Hakifikiwi kwa gari. Msafiri hushuka kutoka Tyrna ngazi zaidi ya 3,000 za mawe na saruji, na hatasahau kwamba atazipanda tena. Jasho hilo lina malipo, kwa kuwa huko ndiko liliko daraja maarufu la ghorofa mbili ambalo halikujengwa, bali limeota.

Katika mabonde hayo daraja la mianzi huoza upesi, na mito ikijaa hubeba lolote lisiloshika ardhi. Wahenga wa Kikhasi walipanda kando ya mto mti wa mpira ulio wa ukoo mmoja na mkuyu tunaoujua. Mizizi yake inayoning'inia hewani waliiongoza kuvuka maji, mara nyingi kwa kuipitisha ndani ya magogo ya mipopoo yaliyopasuliwa na kutobolewa, mpaka ikafika ng'ambo na kuingia ardhini. Kisha huisuka, huijaza mawe na udongo, na kungoja. Daraja huchukua miaka 15 hadi 30 kabla ya kubeba watu bila wasiwasi. Baada ya hapo huongezeka nguvu kila mwaka, na laweza kudumu kwa mamia ya miaka likitunzwa. Mengine hupita mita 30 kwa urefu. Mwaka 2022 madaraja hayo yaliingizwa katika orodha ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO.

Mtu mzima anayeanza daraja la namna hiyo hufanya kazi hasa kwa ajili ya wanawe na wajukuu. Naye mwenyewe huvukia daraja aliloachiwa na babu zake.

KIU KATIKATI YA MAJI

Sasa na turudi Sohra, lakini mwezi wa Januari. Mawingu yametoweka, nyasi zimekauka, na uwanda ule wa juu umebaki mawe matupu mahali pengi. Akina mama na watoto huteremka mabondeni na jerikani kutafuta chemchemi, kisha hupanda tena na mzigo. Mahali pengine maji huletwa kwa gari na kununuliwa.

Sababu si moja. Mvua kubwa imeuosha udongo wa juu, na mwamba wa chini ni wa chokaa, wenye nyufa na mapango marefu yanayomeza maji. Kwa karne nyingi miti ilikatwa kwa makaa ya kuyeyushia chuma, na baadaye kwa kuni na mbao. Yakaongezeka machimbo ya mawe na ya makaa ya mawe. Mlima usio na msitu wala udongo ni kama sahani iliyoinamishwa: maji huangukia juu yake na kukimbia mara moja. Hukimbilia Bangladesh. Juni 2022, mvua ile iliyotajwa hapo juu iliposhuka, wilaya za Sylhet na Sunamganj zilifunikwa na mafuriko, mamilioni ya watu wakakwama, na jeshi la nchi hiyo likaitwa kuwaokoa. Basi maji yale yale yaliwazamisha majirani wa chini mwezi wa Juni, na kuwaacha wenyeji wa juu na ndoo tupu mwezi wa Januari.

Dawa yake inaonekana papo hapo milimani. Huko Mawphlang, kilomita zipatazo 25 kutoka Shillong, uko msitu mtakatifu ambao sheria ya wazee hukataza kutoa humo kitu chochote, hata jani moja. Uwanda uliouzunguka ni wa nyasi, lakini ndani ya msitu ardhi ni laini kama godoro, kuvu huota juu ya magogo, na maji hukaa. Mvua ni ile ile. Tofauti ni miti tu.

Hata mawe hushuhudia. Katika pango la Mawmluh karibu na Sohra wataalamu walichukua nguzo ya chokaa iliyojengwa tone kwa tone, wakasoma ndani yake habari za ukame mkubwa uliotokea miaka 4,200 iliyopita. Mwaka 2018 wanajiolojia wa dunia walikubali kukiita kipindi kilichoanza wakati huo, ambacho ndicho tunachoishi, kwa jina la Meghalaya. Hivyo jina la nchi ya mvua limepewa enzi iliyoanza kwa kiangazi.

HESABU KWA KILA NYUMBA

Milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba ya paa, ni lita moja ya maji. Nyumba ya Mawsynram yenye paa la mita za mraba 40 hunyeshewa zaidi ya lita 470,000 kwa mwaka. Isipokuwa na tangi wala msitu nyuma yake, mama wa nyumba hiyo atabeba jerikani. Paa kama hilo mjini Kampala hunyeshewa lita 48,000 hivi. Ni maji machache kuliko yale, lakini si haba kwa jamaa yenye mifereji ya bati na pipa safi lenye kifuniko.

Atakaye kuizuru Meghalaya kwa miguu aende kati ya Oktoba na Aprili. Atakaye kuiona mvua yenyewe aende Juni au Julai, na asisahau viatu visivyoteleza. Akibahatika kufika misimu yote miwili atakuwa amepata somo kamili, kwamba mvua hutoka mbinguni bila jasho letu, lakini maji ya kiangazi hupatikana kwa wale waliopanda na kuhifadhi mapema.