Bluetooth Haisahau Mpaka Uiambie

Jumamosi moja asubuhi mathe alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika tatu. Mnajua dakika tatu kutoka kwa mathe si salamu. Nikafungua WhatsApp kwa laptopu, nikabonyeza, nikangoja. Kimya. Nikadhani spika za laptopu zimekufa, juu hii mashine niliinunua ikiwa imeshatumika. Nikapandisha sauti hadi mia, nikarudisha ujumbe mwanzo. Bado kimya.

Kumbe kimya kilikuwa kwangu tu. Jirani wa nyumba ya chini alikuwa amewasha ile spika yake kubwa hapo nje, afue nguo akisikiza rhumba. Badala ya rhumba, akapata mamangu: "Watu wakiniuliza, nawaambia bado unasoma. Nimechoka kudanganya. Hata kanisani nadanganya." Ploti ikasikia. Tena mara mbili, na mara ya pili kwa sauti ya harusi.

Jirani akapanda ngazi, akabisha polepole. "Injinia, nadhani mama yako anaongea kwa spika yangu. Nimeizima."

Hapa kwa ploti wote huniita Injinia. Nilihamia nikiwa mwaka wa pili chuoni. Nikaacha masomo, na sikumwambia mtu, juu hakuna aliyeniuliza na hilo jina lilikuwa tamu.

Siku hiyo sikutoka nje. Nilikaa nikisoma vile Bluetooth hufanya kazi, na haya ndiyo ningetaka mtu aniambie mapema.

Kwanza, kuna kuoanisha na kuna kuunganisha. Simu yako ukiiweka kwa Kiswahili, itakuambia "oanisha kifaa kipya". Watu hucheka hilo neno lakini liko sawa kabisa, ni ndoa. Vifaa viwili vinapooana, vinatengeneza ufunguo wa siri na kila kimoja kinaweka nakala yake. Kuunganisha ni kuongea tu kwa wakati huo. Ukikata muunganisho, mmenuniana. Ndoa bado ipo. Talaka ni pale unapoenda kwa orodha ya vifaa na kukiondoa kabisa.

Mimi nilioana na ile spika Desemba, jirani alipotuazima tukiwa na sherehe. Tukacheza, tukairudisha, nikasahau. Laptopu haikusahau. Bluetooth yangu huwa imewashwa siku nzima kwa sababu ya mausi. Spika nyingi zikiwashwa hutafuta kifaa zinachokijua, na umbali wa kawaida ni kama mita 10. Kutoka veranda yake hadi meza yangu hazifiki.

Pili, kuna huduma. Kifaa kimoja kinaweza kufanya kazi kadhaa, na kila kazi ni mlango wake. Kuna huduma ya kusikiza muziki, nyingine ya kupiga simu, nyingine ya kutuma faili, nyingine ya kibodi na mausi, hata ya kugawa intaneti. Ndio maana hedifoni zako zikitumia maiki wakati wa simu, muziki unaanza kusikika kama redio ya zamani: zimehama kutoka mlango wa muziki hadi mlango wa simu. Kwenye Windows, ukiingia kwa sifa za kifaa, unaweza kupata orodha ya huduma zake na kutoa alama kwa zile huzitumii. Spika haihitaji kushika simu zako.

Tatu, kuonekana. Kompyuta yako ikiruhusu kuonekana, yeyote aliye karibu anaona jina lake. Langu lilikuwa majina yangu mawili kamili. Nilibadilisha, nikazima kuonekana. Vifaa mlivyooana navyo vitaendelea kufanya kazi kama kawaida, kwa hivyo hupotezi kitu.

Nne, usalama. Ombi la kuoana likitokea kwa skrini na hujui limetoka wapi, kataa. Ukiwa ndiwe unaoanisha na skrini zote mbili zionyeshe namba ya tarakimu 6, zisome zote mbili. Zisipofanana, toka hapo. Wengi wetu hubonyeza ndiyo bila kuangalia, vile tunakubali masharti ya programu.

Na masasisho, tafadhali. Mwaka wa 2023 mtafiti anaitwa Marc Newlin alionyesha kwamba kifaa kinachojifanya kibodi kingeweza kuunganishwa na mashine za Android, Linux na Apple bila mwenyewe kukubali. Hebu waza: mtu ameketi meza ya pili, na anaandika kwa mashine yako. Marekebisho yalitolewa, lakini yanamsaidia tu aliyesasisha. Sisi wa kuhifadhi bando ndio tunabaki nyuma.

Mimi sikudukuliwa. Hakuna mtu mbaya kwa hii stori. Kilichoniumiza ni ruhusa niliyoitoa mwenyewe nikiwa na furaha, nikakosa kuiondoa. Nilipofungua ile orodha nilipata vifaa kumi na moja. Kulikuwa na simu ya mtu tuliachana vibaya, televisheni ya nyumba nilihama, na hedifoni za mtu simkumbuki. Vyote bado na ufunguo wa mashine yangu.

Jioni nikashuka chini. Kufuta kwa laptopu peke yake haikunitosha. Nilitaka pia spika isahau, juu kila upande una nakala yake. Spika nyingi hufutwa kwa kushikilia kitufe cha Bluetooth kwa sekunde kadhaa, ingawa hutofautiana. Tukajaribu hadi ikalia.

Nikamwambia, "Boss, mimi si injinia. Niliacha."

Akasema, "Najua, nilisikia. Sasa nionyeshe pia kwa simu yangu, hiyo orodha ni ndefu."

Tulifuta pamoja. Halafu nikarudi juu, nikampigia mathe, nikamwambia kanisani asidanganye tena kwa ajili yangu. Akanyamaza kidogo, akaniuliza kama nimekula.

Fungua orodha yako sahii, kabla hujaendelea kuskroli. Uko na vifaa vingapi? Na ni vingapi bado mnaongea?