Chozi kwenye ua la mgomba

Leo tunaweka kando mashela na vitambaa tuseme ya shamba, maana wapo mabibi harusi wetu wanaoolewa bara na kukuta shamba ndilo linaloendesha nyumba.

Mama yetu ni Mpare. Migomba yake iko Mamba, juu milimani wilayani Same, na mikungu yake ndiyo iliyotununulia cherehani ya kwanza. Kwa hiyo aliposema chozi wanamharibia maua na anataka kuwaita vijana wenye manati, tulitaka kulijua jambo hili vizuri.

Chozi anaishi kwa mbochi, yale maji matamu ya ua. Akipita mlango wa mbele, hutoka na chavua na kuipeleka ua jingine, mti ukazaa. Lakini ua likiwa refu na jembamba, hulitoboa ubavuni, akanywa bila kugusa chavua, kama mtu anayefumua mshono wa gauni badala ya kufungua vifungo. Ua hilo linaweza kukosa tunda.

Mgomba una habari yake. Ndizi tunazokula hazihitaji chavua, hivyo chozi hazipunguzi. Kucha zake hukwaruza ndizi changa, zikafika sokoni na madoa. Hofu kubwa zaidi ni mnyauko wa migomba, ulioripotiwa Uganda mwaka 2001 na baadaye ukafika Kagera. Wadudu hasa ndio wanaoubeba kutoka ua dume hadi jingine, na ndege nao wanashukiwa.

Kinga yake haihitaji manati. Chane ya mwisho ikishatoka, vunja ua dume, lile tumba jekundu linaloning'inia chini ya mkungu, kwa kijiti chenye panda. Usitumie panga, maana hubeba utomvu wenye ugonjwa hadi mgomba mwingine. Tumba likiondoka, chozi hana la kufuata.

Manati hayachagui. Upare Kusini kuna ndege mdogo mwenye duara jeupe machoni, asiyepatikana kwingine duniani, naye hunywa mbochi. Kumuua kwa ajili ya ndizi yenye doa ni hasara isiyolipika, na viumbe wa Mwenyezi Mungu ni amana kwetu.

Mama amekubali kijiti. Nawe bibi harusi, ukikuta manati kwa mama mkwe, muulize kwanza, kwa adabu, kama maua dume yameshavunjwa.