Waya uliopita mlango wa jikoni

BABA mmoja wa Mbagala, Dar es Salaam, huendesha daladala siku za kazi. Jumamosi hujiongezea kipato kwa kung'arisha magari ya majirani uani kwake, kwa mashine ya umeme aliyoinunua ikiwa imetumika.

Jumamosi hiyo alikuwa ameshaliosha gari, na maji bado yametuama kwenye saruji. Ekstensheni ilitoka kwenye soketi ya sebuleni, ikapita dirishani, ikakatiza mbele ya mlango wa jikoni hadi kwenye gari. Katikati ilikuwa na kiungo. Panya waliwahi kuitafuna, naye akaunganisha nyaya na kuzifunga kwa solotepu. Ilifanya kazi miezi minne bila tatizo, na hapo ndipo wengi wetu hudanganyika.

Binti yake wa miaka minne alitoka jikoni akiwa peku. Alipokuta waya umemzibia njia, akauinua ili apite chini yake, kama anavyoinua kamba ya kuanikia nguo. Kiganja kikashika pale penye kiungo.

Hakulia. Mashine ilikuwa ikinguruma, baba akadhani mtoto anacheza. Mama, aliyekuwa akikunja nguo sebuleni, ndiye aliyeona kupitia dirishani mkono uliokakamaa. Baba alipogutuka na kumkimbilia, alisikia sauti ya mkewe: "Baba Watoto, usimguse!" Kisha akazima swichi ya soketi ukutani. Mtoto akaanguka.

Umeme wa nyumbani hukaza misuli ya mkono, hivyo anayeshika waya anaweza kushindwa kuuachia hata akitaka. Anayemvuta kwa mikono mitupu anaweza kunasa naye. Kwanza ni kuzima umeme. Swichi ikiwa mbali, mtu asimame pakavu na kumsukuma kwa mpini mkavu wa mbao. Kama hapumui, aanze kusaidiwa kupumua na kukandamizwa kifua mara moja huku gari la kumpeleka hospitali likitafutwa.

Huyu alikuwa anapumua, na baada ya muda mfupi akaomba juisi. Bibi yake akashauri apewe maziwa alale. Kwa bahati nzuri mama hakukubali. Jeraha la umeme huonekana dogo kwenye ngozi huku ndani likiwa kubwa zaidi, na mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika. Hospitali walimpima moyo, wakamfunga kiganja, wakabaki naye hadi jioni.

Usiku baba aliifungua ile ekstensheni. Ndani ya plagi, mahali pa fyuzi, palikuwa na kipande cha waya. Sehemu aliyozoea kuiacha imeviringishwa chini ya dirisha, ganda lake lilikuwa limelainika na kugandana. Mashine yake ni ya wati 1200, ambazo kwa volti 230 ni zaidi kidogo ya ampea 5. Waya wenyewe ulikuwa wa milimita za mraba 0.75, unaofaa kwa ampea 6 tu ukiwa umenyooshwa. Ukiviringishwa, joto halina pa kutokea.

Fundi umeme alimweleza jambo lililomshangaza. Hata fyuzi halisi ya ampea 13 isingemwokoa mtoto, kwa sababu umeme unaoweza kuua mtu ni mdogo sana kuliko huo. Fyuzi huzuia waya usiungue. Kinachomlinda mtu ni kikata umeme kinachohisi uvujaji, ambacho mafundi hukiita RCD. Cha nyumbani hukata umeme ukivuja miliampea 30. Nyumba hiyo haikuwa nacho.

Sasa kipo, na kilikula malipo ya magari kadhaa. Ekstensheni mpya ni ya milimita 1.5, haina kiungo, na hunyooshwa yote kabla ya kazi. Inapita upande wa ukuta, mbali na mlango. Ile ya zamani aliikatakata vipande kabla ya kuitupa, asije mwingine akaiokota. Kabla ya kubadili sponji ya mashine, huchomoa plagi kwanza.

Mashine ikiwaka, mama hufunga mlango wa jikoni na ufunguo hufundikwa kwenye pindo la khanga yake. Wateja wenye haraka huambiwa wasubiri saruji ikauke. Mmoja alikasirika, akaondoa gari lake. Aliachwa aende.