Itie Betri Kwanza

Kwa miaka kumi na sita nilikuwa fundi redio nisiyesikiliza redio. Nalisema hili nikijua wateja wangu wa Mji Mpya, hapa Morogoro, watalisoma, na baadhi yao nimekwisha kuwarudishia fedha zao. Redio ikiletwa "inakoroma", niliigeuza, nikafungua skrubu nne, nikatafuta kapasita iliyovimba. Nisipoiona, nilibadili mbili tatu zilizokuwa karibu. Koromo likipungua, nilijipongeza. Lisipopungua, nilimwambia mwenye mali kwamba mashine imezeeka. Alilipa hivyo hivyo.

Mwaka 2019 mzee mmoja wa Kigurunyembe aliniletea redio ya masafa mafupi, nzito kama tofali la saruji. Ujanani alikuwa mwendeshaji wa redio ya upepo kwenye shamba la mkonge. Redio yake ilikuwa na swichi ya SSB, ambayo redio zetu za kawaida hazina. Bila swichi hiyo, alama za Morse husikika kama pumzi tu. Nilipoichomeka ukutani ikavuma kama mashine ya kusaga. Nikabadili kapasita mbili, nikamtajia shilingi elfu kumi na tano. Jioni alipokuja kuichukua akaiwasha palepale mezani. Ikavuma vilevile.

"Fundi," akaniuliza, "uliisikiliza kabla ya kuifungua?"

"Niliisikiliza, mzee. Inakoroma."

"Koromo umelisikia. Redio hujaisikiliza."

Sijapata la kumjibu, umeme ukakatika. Giza likaingia toka kwangu hadi mwisho wa mtaa. Mzee hakuinuka. Akapapasa kapuni, akatoa betri, akazipanga redioni kwa vidole, akaiwasha tena. Uvumi haukuwepo. Pakawa na ukimya ambao sikuwahi kuusikia katika karakana ile, na alipozungusha kitufe hadi 14.100 MHz, ndani ya ukimya huo ukatoka mlio mwembamba: nukta, mistari, nukta. Akaandika kwa kidole kwenye vumbi la meza yangu: 4S7B.

"Sri Lanka," akasema.

Kisha ikafuata milio minne mirefu, kila mmoja hafifu kuliko uliotangulia. Nilisikia mitatu.

Usiku ule alinieleza nilichokisikia. Wapenzi wa redio duniani wameweka vituo 18 vya ishara, kikiwemo kimoja cha jirani zetu Kenya, 5Z4B. Vinapokezana kwenye masafa yaleyale, kila kimoja sekunde kumi, na mzunguko mzima ni dakika tatu. Kituo hutaja jina lake kwa Morse, halafu hutoa milio minne: wa kwanza kwa wati 100, wa pili 10, wa tatu 1, wa nne sehemu moja ya kumi ya wati. Kwa hiyo niliposikia mitatu, nilikuwa nimesikia wati moja iliyovuka Bahari ya Hindi yote ikaingia Mji Mpya. Na redio iliyoipokea ndiyo ile niliyokwisha kuihukumu kuwa mbovu.

Sikulala vizuri. Kama redio ya mzee ilikuwa nzima, ni ngapi nyingine zilikuwa nzima?

Asubuhi umeme uliporudi nilichomoa vitu vya karakana kimojakimoja, redio ikiwa kwenye betri. Taa ya LED juu ya meza: uvumi ukapungua. Chaja ya simu ya bei rahisi, ambayo kwa miaka mingi ilikaa sentimita thelathini toka mahali ninapopimia redio za watu: uvumi ukaisha. Ndani ya chaja za aina hiyo umeme hukatwa na kuungwa maelfu ya mara kwa sekunde, na chaja isiyo na kichujio hugeuza nyaya za ukutani kuwa antena ya kelele. Ugonjwa ulikuwa kwangu, na nilikuwa nawatibu wageni. Mzee nilimrudishia elfu kumi na tano yake nzima.

Tangu hapo nikawa mwanafunzi. Nilifunga antena ya waya, mita kumi upande huu na mita kumi upande ule, kati ya mwembe na mlingoti wa mianzi. Wiki moja niliining'iniza mita tisa toka ardhini, wiki iliyofuata nikaishusha hadi mita tatu, nikawa naandika kwenye daftari saa, masafa na idadi ya milio. Ikiwa juu, Afrika Kusini ilikuja na milio mitatu. Ikiwa chini, Afrika Kusini ilififia, lakini kwenye 7 MHz mchana sauti za karibu zikajaa. Mjomba wangu anakaa Mgeta, nyuma ya milima, ambako FM hukatwa na vilima vinavyomzunguka. Aliniuliza mawimbi hayo yanaupandaje Uluguru. Nikamwambia hayaupandi, mjomba. Kama waya uko chini, mawimbi huenda karibu wima hadi tabaka la juu la anga, yakarudi yakashuka kama mvua, mbele ya mlima na nyuma yake. Kilele cha Bondwa, kwa minara yake yote, hakisumbui mvua hiyo.

Baadaye nilinunua kompyuta ya mkononi iliyotumika, nikajaribu WSPR, mtindo alioubuni mwaka 2008 Joe Taylor, Mmarekani aliyepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1993. Ujumbe ni mfupi mno: jina la kituo, mahali, nguvu. Hutumwa polepole kwa karibu dakika mbili, na kompyuta huuchambua hata pale sikio linaposikia upepo mtupu. Saa ya kompyuta ikikosea sekunde chache hupati kitu. Nimepokea Ulaya kwa sehemu ya tano ya wati. Naupenda mtindo huu, ila sikio ndilo lililonibadilisha, na vituo vile 18 bado ndivyo ninavyoanza navyo asubuhi.

Mabadiliko yenyewe niliyaona Mei 2024. Tarehe 11 niliwasha redio, nikakuta hakuna kitu. Masafa yote matano ya vituo vile, toka 14 hadi 28 MHz, yalikuwa tupu. Zamani mkono ungekwenda kwenye bisibisi. Safari hii nilipima betri, nikakagua waya kwa mita, nikaenda hadi kwenye mwembe kutazama vifundo. Vyote vizima. Nikaandika "kimya" daftarini, nikaiacha redio ilivyo. Mchana nikapata habari: dhoruba ya jua ya kiwango cha juu kabisa, cha namna iliyoonekana mara ya mwisho Oktoba 2003, ilikuwa imevuruga anga. Siku ya tatu Afrika Kusini ikarudi, milio miwili. Sikuwa nimegusa skrubu hata moja.

Kurusha sijaanza. Kusikiliza ndiko kulikonifaa hadi sasa, na anayetaka kurusha Tanzania anahitaji leseni ya TCRA kwanza, ndipo apewe jina linaloanza na 5H. Napanga kuiomba.

Mafundi wenzangu wa Morogoro, nawaomba jambo moja. Mteja akikuletea redio inayokoroma, usishike bisibisi. Itie betri, chomoa kila kitu ukutani, zima taa ya mezani, kaa nayo dakika tatu. Koromo likiisha, mwambie mwenyewe akatazame chaja ya nyumbani kwake, na usimtoze hata shilingi.