Barua kutoka Boston: Dakika Chache Nyuma ya Pazia

Mpwa wangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikia. Unasema umechoka kupiga besi maharusini na kulipwa ahadi, na unataka mjomba wako akuulizie kazi kwenye okestra za huku, maana "besi ni besi". Basi kaa kitako.

Unajua kwamba naendesha gari la mizigo. Ghorofa ya juu anakaa kijana mmoja wa Kimarekani, mpiga besi mwenye shahada mbili za muziki. Majuzi alinikodi nimpeleke kwenye usaili mji wa mbali, mwendo wa usiku kucha. Ndege haitaki. Besi ina urefu wa karibu mita 1.8, hivyo inakwenda chini na mizigo ndani ya kasha gumu, na ndege ikiwa ndogo unaambiwa ubaki nayo. Wapo wanaosafiri mikono mitupu wakaazima chombo hukohuko. Lakini besi hazilingani ukubwa, na shingo yake haina vizuizi kama gitaa. Kidole kikikosea upana wa kucha, sauti imekwisha kupinda. Kwa hiyo tukaenda kwa barabara, besi imelala nyuma imefunikwa blanketi, na kwenye kituo cha mafuta mzee mmoja akachungulia dirishani akatupa pole ya msiba.

Okestra kubwa ina fidla thelathini hivi. Besi ni nane, pengine tisa. Na aliyekwisha kukalia kiti haondoki. Orin O'Brien aliingia New York Philharmonic na besi yake mwaka 1966, akastaafu 2021. Piga hesabu mwenyewe. Huku nyuma vyuo vinatoa wahitimu kila mwaka, na kiti kimoja kikitangazwa huja watu hata mia, wengine wameshaajiriwa kwenye okestra ndogo. Nauli, hoteli na mafuta kila mtu anajilipia.

Tulifika alfajiri. Niliruhusiwa kusaidia kubeba mpaka kwenye korido ya vyumba vya kupashia moto vidole. Sitaisahau ile korido. Nyuma ya kila mlango kulikuwa na mtu anapiga kipande kilekile cha Mozart, mistari ileile, polepole mno, kila mmoja kwa kasi yake, na sauti zote zikigongana ukutani. Hakuna aliyepiga kwa nguvu. Jirani yangu alipaka upinde ulimbo, akaufuta, akaupaka tena. Shingoni alikuwa amening'iniza namba. Jina halitajwi.

Kwa sababu kuna pazia. Waamuzi, wenyewe wanamuziki wa okestra hiyo, wanakaa upande wa pili bila kumwona anayepiga. Chini wanatandika zulia ili mlio wa viatu usiwaambie kama anayeingia ni mwanamume au mwanamke. Kuongea ni marufuku: ukiwa na swali unamnong'oneza msimamizi, naye ndiye anayewauliza. Unapiga Bach, ambaye hakuandikia besi kipande cha peke yake, kwa hiyo mnaazima alichoandikia chelo. Kisha vipande vya okestra: Mozart, Beethoven, Strauss. Ukisikia "ahsante", umemaliza. Jirani yangu alikaa ndani dakika chache tu.

Sasa hapa ndipo ninapogombana nao. Wewe unaijua kazi ya besi kuliko mimi: ni kuwabeba wengine. Kwenye taarab, udi na kanuni ndivyo vinavyosifiwa, lakini siku besi isipokuja kila mtu anayumba. Kwenye okestra ni vivyo hivyo, besi nane zinatoa sauti moja. Ule mlango wa simfoni ya tisa ya Beethoven, ambapo besi na chelo "zinazungumza" kabla waimbaji hawajafungua kinywa, hakuna tamasha utakaloingia ukausikia ukipigwa na mtu mmoja. Ila usailini unapigwa na mtu mmoja, mkavu, na mikwaruzo ambayo jukwaani ingezama ndani ya wenzake inatoka wazi yote. Kama anajua kumsikiliza wa kiti cha jirani, hilo pazia haliwezi kulisema. Wanaliacha kwa kipindi cha majaribio baada ya kushinda. Uingereza afadhali: baada ya usaili wanawaita watu kadhaa wafanye kazi nao kwa zamu, wawasikie wakiwa ndani ya kundi. Ubaya wake ni kwamba mtu anaweza kuning'inia miezi na miezi bila jibu.

Usidhani nalidharau pazia. Hapahapa Boston ndiko lilikoanzia, 1952. Mwaka 1969 Art Davis, Mmarekani mweusi aliyepiga besi na mpiga saksafoni John Coltrane, pamoja na mpiga chelo mmoja, waliishtaki New York Philharmonic kwa ubaguzi mbele ya tume ya haki za binadamu ya jiji. Tume iliamua kwamba ubaguzi haukuthibitika kwenye ajira za kudumu, lakini ulikuwapo kwenye kuwaita vibarua. Davis baadaye akasomea saikolojia mpaka udaktari. Mtu kama huyo angelipenda kusikilizwa kwanza, aonekane baadaye.

Namba za waliopita zilisomwa sebuleni. Ya jirani yangu haikuwamo. Alisema Mozart aliikimbiza, akaenda kununua kahawa mbili. Jioni, tukiwa njiani, simu yake ikalia: hata waliofika mwisho hakuna aliyechukuliwa. Kamati ina haki hiyo. Kiti kinabaki wazi, na wote watarudi.

Kama bado una nia, jifunze koncheto ya Dittersdorf, maana Ujerumani ndiyo wanayoitaka mwanzo. Na hukohuko wanataka upinde ushikwe kwa chini, kiganja kikitazama juu. Wako naambiwa unaning'inia ukutani, kwa vile taarab mnadonoa kwa vidole.

Nyuzi nimenunua. Seti moja, nyuzi nne, imenitoka zaidi ya dola 200, kwa hiyo usiniagize za akiba. Zinakuja na yule mama wa Mlandege mwezi ujao. Ukapokee mwenyewe, usimtume mtoto, na mamako umpe salamu zangu.

Mjomba wako