Baiskeli ya Kukunja kwa Fundi wa Lundo

Kutoka Songea hadi Mbinga sina la kusimulia ila konda. Baiskeli nilikwisha kuikunja na kuitia kwenye mfuko wake wa turubai, ikawa ndogo kuliko mabegi ya abiria wenzangu. Konda akaugusa mfuko kwa ncha ya kiatu, akauliza kuna nini ndani. Nilipomwambia, akadai hela ya mzigo, karibu nusu ya nauli yangu, kisha akautupia kwenye buti chini ya magunia. Mbinga nikashuka na pedeli iliyopinda. Jambo hilo lilinikera na linanikera bado. Kinacholipiwa kwenye buti ni nafasi, na begi la jirani yangu, lililokuwa kubwa mara mbili ya mfuko wangu, lilipita bure kwa sababu tu halikuitwa baiskeli.

Dar es Salaam baiskeli hii ndiyo inayonifikisha kazini. Nakanyaga hadi kituoni, naikunja, naiweka miguuni kwenye daladala, na ofisini inalala chini ya meza yangu, mwizi haioni. Nilitaka kujua kama itafaa pia huku kwetu kusini, ambako kati ya basi na unakokwenda mara nyingi kuna kilomita kadhaa za bodaboda au za miguu.

Mbinga hadi Mbamba Bay ni kilomita 66 za lami, na kwa jumla ni mteremko. Mji wa Mbinga uko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, Ziwa Nyasa liko chini ya mita 500. Unashuka ukipita mashamba ya kahawa na yale mashimo ya kilimo ya Wamatengo, yaitwayo ngoro, yaliyochorwa milimani kama sega la nyuki. Rimu ndogo ina chuma kidogo, kwa hiyo breki zikiibana muda mrefu inapata moto upesi. Nilikuwa nasimama kila baada ya kona chache, naigusa kwa mgongo wa kidole, nasubiri ipoe. Mbamba Bay nililala, nikala mbasa, asubuhi nikashika njia ya Liuli.

Lundo ndipo mwiba uliponipata. Vijana wakanielekeza kwa fundi, mzee mmoja chini ya mwembe, mbele yake beseni la maji, msasa na kopo la sulusheni.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Hii umemletea mtoto?”

Magurudumu yangu ni ya inchi 20. Niliyachagua kwa makusudi, kwa kuwa tyubu ya baiskeli ya mtoto inayaingia. Ile Brompton ya London, iliyo maarufu kuliko zote kwa kukunjwa, inaitwa ya inchi 16, lakini rimu yake ni ya milimita 349 na ya mtoto ya inchi 16 ni ya milimita 305. Tyubu inaweza kukubali kwa kulazimishwa, tairi haikubali. Nilimweleza hayo. Akaitikia kwa kichwa, akaitoa tyubu, akaipitisha kwenye maji hadi mapovu yakatoka.

“Hilo la tyubu umefikiri vizuri,” alisema. “Sasa keria iko wapi?”

Nikamwambia haina.

“Basi bado haijawa baiskeli. Hapa Phoenix inapandisha gunia la muhogo, inashuka na usipa. Mgonjwa akizidiwa usiku tunamkalisha kwenye keria, mmoja anamshika, mmoja anasukuma, hadi hospitali Liuli. Wewe mgonjwa utamweka wapi?”

Dar sijaulizwa swali hilo hata siku moja. Huko wananiuliza bei, na kama inakimbia. Nilichukia kidogo, maana nilikuwa nimetoka mbali na kitu ninachokipenda, nacho kinapimwa kwa kazi ambayo hakikuundiwa. Nikasema kitu cha kukunjwa au kufunguliwa vipande si mchezo: Wajerumani walileta meli yao Hermann von Wissmann vipande vipande, ikaja kuungwa tena ndipo ikatembea ziwani humu.

Mzee akacheka hadi akaweka msasa chini. “Na Waingereza wakaipiga hapo Liuli ikiwa nchi kavu inatengenezwa.”

Ni kweli. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, ilifika Liuli, wakati huo ikiitwa Sphinxhafen, ikaikuta Wissmann imepandishwa ufukweni.

Alipobandika kiraka akachukua spana, akagonga fremu, akasikiliza. “Alminiamu,” akasema. “Ikikatika hapa kwenye bawaba, mashine ya kuchomelea tuliyo nayo huku haitaishika. Utaibeba begani mpaka Dar.”

Hapo hasira ilinitoka. Kila nilichosoma kuhusu baiskeli hizi kinasifu wepesi wake, na wepesi huo ndio alminiamu. Hakuna aliyeandika kwamba chombo cha safari kinatakiwa kitengenezeke kwa fundi wa mwisho njiani. Chuma cha kawaida kingeniongezea kilo chache tu, na kilo hizo huyu mzee angeweza kuzichomelea.

Nikaikunja mbele yake. Akanyamaza, akaniomba niikunjue, akaikunja mwenyewe, akaibeba kwa mkono mmoja hadi kwenye mwembe na kurudi. Akaanza kusimulia alivyokuwa akivuka na Phoenix kwenye boti: usukani unachoma watu, mnyororo unawachafua nguo, na mwenye boti anakutoza kama mtu mzima. “Hii ingekaa chini ya ubao,” alisema. “Hakuna ambaye angesema kitu.”

Ndicho nilichotaka konda akione. Wenye mabasi wangetuwekea kanuni moja iliyo wazi, kwamba baiskeli iliyokunjwa ikaingia mfukoni ni begi, watu wengi wa vijiji vilivyo mbali na lami wangeshuka kwenye basi na usafiri wao mkononi. Lakini iwe ya chuma, yenye keria, kwa magurudumu ya inchi 20.

Kiraka kilikuwa shilingi 500. Nilipotaka kuondoka akanizuia, akachukua rula ya shule na daftari lake la madeni, akapima bawaba kwa urefu na upana, akaandika. Bamba la kuundia bawaba kama hiyo, alisema, angelitoa kwenye chesisi ya gari kuukuu; ila pini ingemtoa jasho.

“Pini ikilegea,” alisema huku akipima kwa mara ya pili, “mgonjwa tunamwangusha.”