Cheki Imepotea, Deni Halijapotea

"Cheki yako ilitoka, lakini inaonekana imepotea."

Jamaa wa akaunti aliniambia hivyo kwa simu Jumanne moja asubuhi, polepole, kama mtu anayekupa pole ya msiba. Na mimi, kwa ujinga wangu, nikamjibu, "Ni sawa bro, hakuna shida."

Shida ilikuwepo. Nilikuwa na shilingi mia tatu kwa M-Pesa na landilodi alikuwa amepiga mara mbili kabla ya saa tatu. Lakini ukisikia neno "imepotea" unaona ni kama mvua imenyesha, haina mwenye kosa. Kila mtu amesikitika, basi mnangoja pamoja. Ilinichukua wiki tatu kuelewa kwamba aliyekuwa anangoja ni mimi peke yangu.

Kazi yenyewe ilikuwa video tatu fupi za kampuni moja hapa Nairobi. Tulielewana elfu 48, nilipwe baada ya siku 30. Nilishuti, nikaedit, wakaomba mabadiliko mara nne, nikabadilisha mara nne. Video zikatoka na bado ziko kwa ukurasa wao hadi leo. Siku 30 zikawa 60, zikakaribia 90. Kila nikiuliza naambiwa bosi wa kusaini hayuko. Halafu ndio hiyo cheki ikapotea.

Kitu cha kuuma ni kwamba hakuna mtu alinikatalia. Wangenikatalia ningejua pa kusimama. Walikuwa wapole, "samahani sana" kila saa, mpaka mimi ndiye nikaanza kuona aibu ya kuuliza. Wale mmewahi kuacha chuo mnaielewa hiyo aibu. Nyumbani walishauliza hii kazi ya simu ni kazi gani, na sasa huna hata jibu la pesa. Kwa hivyo unanyamaza. Unakopa nauli ya kwenda kuulizia pesa zako mwenyewe.

Wiki ya pili jamaa wa akaunti akanipa suluhisho. "Enda polisi uchukue abstrakti, halafu wakili akuapishe kwamba cheki imepotea. Ukileta hizo karatasi tunakuandikia ingine." Nikaona sawa, angalau sasa kuna njia. Nikaenda kituo cha polisi karibu na kwetu, nikapiga foleni, nikafika kwa dawati.

Afande akafungua kitabu. "Umepoteza nini?"

"Cheki."

"Uliipotezea wapi?"

Nikanyamaza. Nikamwambia sijui, niliambiwa imepotea.

"Ulikuwa umeiweka wapi?"

"Sijawahi kuishika, afande."

Akaweka kalamu chini, akaniangalia. "Sasa kijana, unataka niandike umepoteza kitu hujawahi kuwa nacho?"

Watu wawili nyuma yangu wakacheka. Hata mimi ningecheka kama si njaa. Lakini huyo afande alinisaidia kuliko mtu yeyote kwa hii stori, kwa sababu nilitoka hapo nikijiuliza swali ambalo ningepaswa kujiuliza siku ya kwanza: hii cheki ilipotelea kwa mkono wa nani?

Nikarudi kwa ofisi yao. Anti wa mapokezi ananijua sasa, nimekaa kwa hiyo kochi yake sana. Nikamwomba anionyeshe kitabu cha kutolea cheki. Hakuongea mengi. Akakifungua, akafuata mistari kwa kidole mpaka kwa jina langu. Namba ya cheki ilikuwepo. Tarehe ilikuwepo. Pa kusaini aliyechukua palikuwa patupu.

"Mwanangu," akaniambia kwa sauti ya chini, "usiweke sahihi kwa kitu hujaona." Nikamwambia asante anti, nikapiga picha ya huo mstari.

Usiku huo nikakumbuka kitu kingine. Tangu Julai 2023, anayekulipa kwa kontenti ya mtandao anapaswa kukata asilimia 5 na kuipeleka KRA kwa jina lako. Nikaingia iTax. Cheti kilikuwepo: shilingi 2,400 zimekatwa kwa malipo yangu. Yaani KRA walikuwa wanajua nimelipwa. Kwa vitabu vya kampuni nilikuwa nimelipwa. Mtu wa pekee ambaye hakuwa amelipwa ni mimi, niliyekuwa nimekaa gizani kwa sababu tokeni za stima ziliisha.

Na hapo ndio nikaelewa ile hati ya kiapo ingenifanyia nini. Ningeapa kwamba cheki ilinipotea, ningekuwa nimekubali kwamba niliipokea. Kosa lingehama kutoka kwa droo yao likaja kwa mfuko wangu, na mimi ndiye ningemlipa wakili alihamishe.

Nitasema ukweli, hofu ya kampuni ina maana yake. Wakiandika cheki ya pili na ile ya kwanza itokee mahali, wanaweza kulipa mara mbili. Lakini dawa ya hiyo hofu wanayo wao. Aliyeandika cheki ndiye anayeweza kuambia benki yake isiilipe. Anapeleka maagizo yenye namba ya cheki, tarehe na kiasi, na ada kidogo ya benki, basi. Wewe huwezi kuzuia cheki ya akaunti ya mtu mwingine hata ukitaka. Benki yao pia inaweza kuwaambia kama hiyo cheki imeshalipwa au bado. Kama imelipwa, hiyo ni stori tofauti kabisa, na wao ndio wa kwanza kupaswa kwenda polisi.

Kitu cha pili nilijifunza: cheki si pesa. Ni karatasi inayoambia benki ilipe. Mpaka pesa iingie kwa akaunti yako, deni liko palepale. Karatasi ikipotea, ikichomeka, ikiliwa na panya, deni halijaguswa. Hata cheki ikipitisha miezi 6 na benki ikaikataa, deni halijaisha. Kwa sheria ya Kenya una miaka 6 ya kudai deni la mkataba kortini. Usingoje yote, lakini ujue iko.

Nikaandika barua pepe moja. Sikutusi mtu. Niliweka tarehe ya kazi, tarehe ya invoisi, picha ya kitabu chao na cheti cha iTax. Nikauliza maswali matatu: benki yenu inasema cheki hii imelipwa au haijalipwa? Mmeizuia lini? Mtanilipa tarehe gani? Nikakataa kuapa kwamba nimeipoteza. Badala yake nikaandika kitu cha ukweli, nikakisaini: sijawahi kupokea cheki hiyo, na ikinifikia nitairudisha bila kuipeleka benki. Nikamaliza kwa kusema nisipolipwa kwa siku 14 nitaenda Mahakama ya Madai Madogo pale Milimani. Hiyo mahakama inasikiza madai ya mpaka shilingi milioni 1, unaweza kwenda bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe kwa siku 60.

Siku ya tisa simu ikalia. Si yule jamaa, bosi wake. Hakusema samahani. Aliuliza namba ya akaunti. Pesa ikaingia jioni, 45,600, bila karatasi yoyote. Kumbe wangeweza kutuma kwa akaunti tangu siku ya kwanza.

Nililipa landilodi, nikalipa wenye nilikopa, nikanunua tokeni. Ile cheki sijui ilienda wapi. Na hiyo kampuni haijanipigia tena. Kazi yao iliyofuata niliiona kwa ukurasa wa mtu mwingine, kijana mzuri, naheshimu kazi yake. Sitawadanganya eti kudai haki hakuna gharama. Mimi nilipoteza mteja. Lakini mteja anayekulipa baada ya kumtaja hakimu, hesabu vizuri kama kweli alikuwa mteja.

Makosa yangu pia yako. Nilikubali kazi kwa simu, bila kuandika tutalipana kwa njia gani. Siku hizi natuma ujumbe mfupi kabla sijawasha kamera: kiasi, tarehe, na malipo ni ya benki au M-Pesa. Kama ni lazima iwe cheki, nakuja kuichukua mwenyewe na nasaini kitabu nikiwa nimeishika mkononi. Mtu akikasirikia ujumbe wa mistari mitatu, amekuokolea miezi mitatu.

Kwa hivyo wewe mwenye umeambiwa leo cheki imepotea, na umejibu "ni sawa" kama mimi: si sawa, na haujachelewa. Rudi uombe kitabu. Angalia pale pa sahihi. Kama hakuna jina lako, kuna mtu mwingine anapaswa kuitafuta, na hiyo nauli usiilipe wewe.